Mtihani wa Meno

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeanza. Naandika chai ikiwa bado ya moto, nisije nikasahau lolote.

Mwalimu Mkuu alituita ofisini kwake. Mimi, mwalimu wa afya wa shule hii, na Shemeji, mwalimu wa afya wa shule ya ng'ambo ya barabara. Ndiyo, Shemeji. Kaka wa mke wangu. Mtu ambaye viatu vyake vinang'aa hata siku za matope. Sijui anavifanyaje na siulizi. Tukaketi mbele ya kompyuta, bega kwa bega. Akatokea Daktari wa meno, mama mtu mzima mwenye miwani na sauti ya upole, anaongea nasi kutoka hospitali kubwa ya mbali kabisa.

Akaeleza. Watoto hawatasafirishwa. Sisi tutawapiga picha vinywa vyao kwa simu: mbele, kulia, kushoto, juu, chini. Tutazituma. Yeye atazikagua mezani kwake huko huko, ajue nani jino lake limetoboka. Kisha atakuja na gari la meno, lina kiti, lina taa, lina kila kitu. Ila gari ni moja. Akishaona picha za shule zote mbili ndipo ataamua lianzie wapi. Na mwalimu wa shule hiyo atakuwa Mratibu wa Meno wa eneo zima. Atavaa koti jeupe na beji kifuani.

Koti jeupe!

Wengine wangeuliza maswali. Mimi sikuuliza. Nimekaa kwenye ualimu muda wa kutosha kujua mambo haya yanavyokwenda. Kazi inakusanywa, mtu wa mbali anasahihisha, aliyepata alama za juu anapewa zawadi. Huu ni mtihani. Hawakuuita mtihani ili wazembe walale. Shule yenye meno mazuri ndiyo itakayopata gari, hilo halihitaji kuelezwa.

Shemeji alikuwa akinukuu kila neno, ncha ya ulimi nje kwa bidii. Nukuu tu, kaka. Mwaka jana alinishinda kwenye bustani za shule, mwaka juzi kwenye usafi wa vyoo. Safari hii, ng'o!

Jumanne, 4 Machi

Vifaa vimefika. Simu mpya, kitaa kidogo cha kumulikia kinywa, na viplastiki vya kuvutia midomo pembeni ili meno yaonekane mpaka magego. Kuna na maelekezo, kurasa nyingi. Sikuyasoma. Mimi ni mtu wa vitendo.

Nikaingia chumba cha walimu nijijaribie mwenyewe. Kumbe kiplastiki nilichochukua ni cha watoto wa chekechea. Kuingia kiliingia. Kutoka kikagoma.

Hapo hapo akaingia mzazi mmoja kulalamika kwamba mwanawe amekuwa wa mwisho darasani. Akanikuta namkenulia meno yote. Nikataka kumpa pole. Yakatoka mate. Akasema hajawahi kudharauliwa namna hii tangu azaliwe, na mguu wake ukaelekea moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akaja kuona. Nikamkenulia na yeye.

Mwalimu wa sayansi alikichomoa kwa sabuni ya maji, huku mbavu zikimvunjika kwa kicheko. Midomo inawaka moto na chai imenishinda. Mwalimu Mkuu amenionya kwamba kazi hii ni ya watoto, si ya mchezo. Nikamwambia ndiyo maana naifanya kwa mwili wangu wote.  Mama yule akaniwekea maelekezo mkononi, akatoka.

Jumatano, 5 Machi

Mtihani bila maandalizi ni nini? Nimeanzisha masomo ya ziada ya meno. Asubuhi mstarini, shule nzima, mswaki mkononi. Nikapiga filimbi: juu, chini, zungusha, tema! Walipotema, darasa la kwanza wakawatemea darasa la pili. Vita. Somo likaishia hapo.

Mchana nikafanya mtihani wa majaribio. Nilipita darasa la tatu na kitaa changu, nikachungulia kinywa baada ya kinywa. Jamani! Nilichokiona sikukitarajia. Yuko kijana mmoja wenzake wanamwita Tafuna, maana hakuna saa hana kitu mdomoni. Magego yake yamebaki visiki. Nikamwuliza kama hayamuumi. Akasema yanamuuma ila ameshayazoea. Nikaandika pembeni: mtahiniwa dhaifu.

Kisha nikafika kwa mwanangu. Kitinda, mziwanda wetu, ndiyo furaha ya nyumba. Akafungua kinywa nusu, jicho kwangu. Nyuma, chini, upande wa kushoto, tundu jeusi. Ndiyo maana siku hizi anatafuna upande mmoja, na akicheka anajiziba mdomo. Moyo ulinishuka. Nilidhani ni haya za kike tu.

Nyumbani Mama Watoto ameniambia nimpeleke Kitinda hospitali. Nikamwambia, ya nini safari ya siku nzima, wakati kiti cha daktari kinakuja chenyewe mpaka kwenye mlingoti wa bendera yetu? Nishinde tu mtihani huu, na Kitinda atakuwa wa kwanza kukikalia. Nimemwahidi mtoto mwenyewe. Akaniuliza kama ni ahadi ya kweli. Nikasema ya kweli. Kwa hiyo sasa si koti tu. Lazima gari lije kwetu, liwe liwalo.

Halafu daftari lake nalo! Nimeandika ubaoni tatu, yeye kanakili nane. Nimeandika moja, yeye saba. Nimemkaripia aache haraka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimevuka barabara kwenda kupeleleza. Nilichukua msumeno wake nilioazima zamani, nikajifanya nimekumbuka kuurudisha. Shemeji akashangaa kweli kweli, akadhani nimepatwa na jambo.

Nikamkuta ukumbini anapiga picha. Amewapanga watoto kwenye benchi, anawafuta kinywa kwa kitambaa safi, anawashikia taa, anawatania mpaka wanasahau kuogopa. Nikaomba kuona picha. Akanionyesha bila hiyana. Lo! Matundu juu ya matundu. Meno meusi, meno nusu, mengine sijui hata niyaite nini. Na yote anayatuma! Tena akaniambia jana jioni alipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoro, maana wasiokuja shule huenda ndio wanaoumwa zaidi.

Nilijikaza kisabuni nisicheke mbele yake. Mtu anawatafuta watahiniwa dhaifu majumbani na kuwaleta kwenye chumba cha mtihani! Nikampongeza. Nikamwambia aongeze bidii. Akanishukuru, akanipa ndizi nimpelekee mpwa wake, akauliza mbona siku hizi Kitinda hachekicheki. Nikasema amekua.

Nilivuka barabara kurudi nikipiga mluzi. Maskini Shemeji. Ni mtu mwema, lakini mtihani haujui wema.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yenyewe.

Kwanza watahiniwa dhaifu. Niliwatoa kwenye foleni mapema, Tafuna akiwa mbele, nikawapa makopo wakamwagilie bustani. Kila shule makini inajua kazi hii. Wao walifurahi sana kukosa hesabu. Bustani imekunywa maji mpaka imekuwa dimbwi.

Wakabaki wa kati na wazuri. Hapo likaja tatizo la simu. Ile simu mpya ina jicho kali mno! Inaona mpaka kipande cha muhogo cha jana. Nikapiga picha ya kwanza, mtoto mzuri tu, na kinywa chake kikatoka na madoa, ukoko, ufizi mwekundu.  Kwa picha hizi hatupati hata wastani.

Kisha nikakumbuka simu ya Mama Watoto. Nilikuwa nayo mfukoni, aliniachia asubuhi nikamchajie hapa shuleni. Ina ile kamera ya kurembesha anayoitumia kwenye harusi. Chunusi zinakwenda, ngozi inakuwa laini, meno yanakuwa meupe pe. Nikajaribu kwa mtoto yule yule. Subhanallah! Kinywa cha malaika.

Sikusita. Simu mpya nikaitia mtoto wa meza, nikafanya kazi siku nzima na ya Mama Watoto. Foleni ikaenda. Mbele, kulia, kushoto, juu, chini, anayefuata! Sikukaa chini hata mara moja. Hayo ndiyo Daktari anapaswa kuyaona, yaani juhudi.

Mwisho akaja Kitinda. Yeye sikuweza kumpeleka bustanini, mama yake angeuliza. Nikapiga. Nikatazama. Tundu halipo! Jino limekaa jeupe kama wenzake. Nikamwonyesha. Akaishika simu, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akaangalia sana. Akauliza kama limepona. Nikasema tazama mwenyewe. Akauliza kama sasa halitauma tena.

Nilimwambia polepole, mama, polepole. Kisha nikatuma zote.

Jumapili, 9 Machi

Kitinda hakula jana, na leo amekunywa uji tu kwa kuinamisha kichwa upande. Mama Watoto amemsukutulisha maji ya chumvi. Anasukutua, analia, anasukutua. Kulia kwenyewe si kwa kelele. Machozi tu yanajishukia, naye anaendelea kubembeleza mdoli wake.

Mama Watoto hasemi na mimi. Anasema na sufuria. Sufuria anaiambia kwamba kuna wanaume wakishaingiwa na wazo, hata nyumba iungue watamaliza kwanza wazo. Nikajifanya hamnazo.

Ni siku chache tu. Matokeo yatoke, gari lije, basi. Nimekaa kitandani kwa mtoto mpaka akalala, mkono wake kwenye kidole changu. Nitashinda. Lazima nishinde.

Jumatatu, 10 Machi

Matokeo!

Mwalimu Mkuu alikusanya walimu wote akayasoma. Daktari anasema amekagua picha zetu mara mbili, kisha akamwita mwenzake naye akazikagua. Hakuna jino lililotoboka. Hata moja! Anasema katika kazi yake yote hajawahi kuona shule kama hii. Sifuri! Sifuri tamu kuliko zote nilizowahi kuona, nami sifuri nimeshaziandika nyingi.

Walimu wakapiga makofi. Mwalimu wa sayansi akanitazama kwa jicho la kando, lakini akapiga. Mwalimu Mkuu akaendelea kusoma. Daktari ana swali dogo: kwa nini watoto wote, pamoja na wavulana, wamepakwa rangi ya midomo?

Nikasema ni damu. Ni lishe bora.

Nikasimama kushukuru. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nilimshukuru Mwalimu Mkuu, nikawashukuru wazazi, nikasema sitabadilika hata nikivaa koti. Kisha nikauliza gari linafika saa ngapi, ili niwaondoe watoto pale mlingotini.

Mwalimu Mkuu akavua miwani. Akasema gari linaanzia ng'ambo ya barabara. Kule kuna watoto wengi wanaoumwa, na picha zao zimeonyesha kila kitu. Sisi Daktari ametupongeza kwa kuwa hatuhitaji kitu. Akauliza kama kweli nilidhani gari la kutibu meno litaletwa kwenye meno mazima.

Nilitafuta kiti. Kiti kilikuwa nyuma kidogo ya pale nilipodhani kipo. Nikakaa chini sakafuni.

Nilijua kila kitu kuhusu mtihani huu isipokuwa swali lenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Limefika. Nimeliona juu ya ukuta nikiwa nimepanda ngazi, najifanya narekebisha mfereji wa maji ya mvua. Gari jeupe, refu, mlango ubavuni. Na mlangoni nani? Shemeji. Koti jeupe. Limemkaa, shetani yule! Beji inameta mpaka huku. Akaniona, akanipungia mkono. Nikapunga, ngazi ikateleza. Nina mkwaruzo kuanzia kisigino mpaka mahali nisipopataja.

Kitinda leo shavu limevimba. Hakwenda shule. Mama Watoto amesema hana maneno tena, ila kesho jino hilo litaonwa na daktari, ama kwa njia yangu ama kwa yake. Nikiitazama njia yake, inaanza kwa yeye kwenda kumwambia kaka yake kila kitu. Kaka yake! Nicheke mimi, nichekwe na yule?

Hapana. Wazo limekuja. Ni zuri. Sijui kwa nini halikuja mapema.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa mkono uliofungwa bandeji. Nitaeleza.

Wazo lilikuwa hili. Watoto wa ng'ambo wanavaa sweta za kijani, wetu za bluu. Nilikwenda kwa wifi yake Mama Watoto, mke wa Shemeji, nikaazima sweta ya mtoto wao, nikadai tunataka kupima saizi ya kufumia. Nikamvalisha Kitinda. Nikamfundisha njiani: uko darasa la tatu shule hii, jina lako ni jingine, jino linauma. Hilo la mwisho hakuhitaji kufundishwa. Nikamwingiza katikati ya foleni ya kijani, mimi nikajibanza nyuma ya gurudumu.

Mpango ulikuwa kamili. Nilisahau jambo moja dogo. Anayepokea watoto mlangoni ni Shemeji, na Shemeji ni mjomba wake.

Alimwona hata kabla foleni haijasogea. Akamwita kwa jina lake, akamnyanyua, akashtuka alipoona lile shavu. Hakuuliza sweta imetoka wapi. Akambeba moja kwa moja mpaka ndani kwa Daktari. Mimi nikatoka nyuma ya gurudumu, magoti yamejaa vumbi, nikasema ah, Shemeji, nilikuwa napita.

Daktari ni mfupi kuliko alivyokuwa kwenye kompyuta. Alimwuliza Kitinda jina na shule, na mtoto, kwa kuwa ni mwanangu lakini amelelewa na mama yake, akasema vyote vya kweli. Daktari akatafuta picha yake. Akaikuza kwenye kioo kikubwa. Jino jeupe pe. Kisha akamfungua kinywa, akamulika taa. Akatazama kinywa, akatazama picha. Akauliza nani aliyepiga.

Nikasema ni suala la mwanga. Nikasema kuna vivuli, kuna pembe, kuna mawingu ya siku ile. Nilikuwa naanza kupata mtiririko mzuri. Kitinda, mdomo wazi, taa ndani, akasema Baba alitumia simu ya Mama, ile inayomfanya mtu awe mrembo.

 Ndani ya gari hamna mahali pa kutazama. Ukikwepa macho ya huyu unakutana na ya yule.

Nilisubiri Daktari anikaripie. Kukaripiwa nimezoea, najua pa kushikia. Hakukaripia. Alisema kwa sauti ile ile ya upole kwamba yeye anakaa mbali, na macho aliyonayo huku ni yale tunayomwazima sisi. Kama Ijumaa angeliona tundu hili, mtoto huyu angekuwa wa kwanza kabisa kukalia kiti, na siku zote hizi asingelia. Kisha akaniuliza kama kuna wengine.

Nikamfikiria Tafuna na kopo lake la maji. Nikasema wapo. Nikasema wako bustanini. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka Shemeji akanisogelea kusikia.

Jino ni la utoto na lilikuwa limeoza mpaka mzizi, ikabidi ling'olewe. Sindano ya ganzi ilipotoka nilimshika Kitinda mkono nimtie moyo. Nilipozinduka nilikuwa chini, mkono umepigwa na ukingo wa meza, na Kitinda, bado kitini, ndiye aliyeninyooshea wake. Ananiambia nisiogope, haiumi. Shemeji ndiye aliyenifunga bandeji. Vizuri sana, kwa bahati mbaya.

Njiani kurudi mtoto alicheka mdomo wazi, pengo nje. Sikumbuki mara ya mwisho. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, na niliona aibu mpaka nyumbani. Mama Watoto amenipa chakula. Safari hii si sufuria aliyokuwa anaitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Tumerudia picha zote. Simu yenye jicho kali. Mwalimu Mkuu alisimama nyuma yangu tangu kinywa cha kwanza mpaka cha mwisho, na simu ya Mama Watoto aliifungia kabatini kwake, akavaa ufunguo shingoni. Nilisoma maelekezo. Kumbe yameandikwa vizuri! Hata saizi za viplastiki zimo.

Shemeji alivuka barabara kuja kunishikia taa, bila kuitwa. Alikuwa na koti. Nikamwambia huku kuna vumbi, avue. Akavua. Nilimsogezea hilo koti mahali salama. Nililipima kidogo tu, begani. Linabana.

Tafuna alikuwa wa kwanza safari hii. Alipofungua kinywa, Mwalimu Mkuu alishika kiuno akageuka dirishani. Picha zilitumwa, na mchana huo huo Daktari akajibu: Jumatatu gari linavuka barabara kuja kwetu, na yule kijana wa kwanza kwenye picha za leo aanze yeye.

Nilimpa habari Tafuna mwenyewe. Akauliza kama baada ya hapo ataweza kutafuna miwa. Nikamwambia hata mawe.

Jumatano, 19 Machi

Gari liko pale mlingotini tangu juzi. Foleni inakwenda. Tafuna ameng'olewa mengine na kuzibwa mengine, anatembea shuleni akimwonyesha kila mtu, hata wageni. Leo nimemkuta anatafuna karoti pande zote mbili, macho ameyafumba kwa raha. Shavu la Kitinda limeshuka. Anakula mpaka mama yake anamzuia.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa kalamu nyekundu niliyozoea kusahihishia wengine: nimekosea, nimejua, nimebadilika. Ukiwa macho ya daktari, usiyafumbe. Sitarudia tena maishani. Mama Watoto amesoma juu ya bega langu, akasema tutaona.

Baadaye.

Mwalimu Mkuu ametuita tena ofisini, mimi na Shemeji. Habari mpya! Baada ya meno, macho. Kuna daktari wa macho, naye yuko mbali, naye atatumia kompyuta. Tutabandika ukutani karatasi ya herufi, kubwa juu, ndogo chini. Mtoto anasimama mbali nayo, anasoma mbele ya kamera, na daktari anamsikiliza kutoka huko aliko. Miwani itakuja baadaye. Na kutakuwa na Mratibu wa Macho. Koti lake, ameniambia, ni la bluu.

Nimetafakari kwa kina. Macho si meno. Hili ni jambo tofauti kabisa. Meno unayaonyesha tu, lakini hapa mtoto anasoma, anajibu, anapatia au anakosa. Kama huu si mtihani, basi mtihani ni nini? Na Shemeji nimemwona akiikodolea ile karatasi, ulimi nje.

Sikupoteza muda. Nilizinakili herufi zote kwa mpangilio wake, nikaziandika ubaoni, nikawakaririsha darasa la tatu mchana kutwa. Wamenitoa machozi ya fahari. Wanaimba mstari baada ya mstari, mpaka ule wa mwisho wenye herufi ndogo kama sisimizi, tena wamefumba macho! Tafuna ndiye kiongozi wa kuimbisha.

Kitinda peke yake ndiye ananiangusha. Anasema hazioni, hata zile kubwa za juu. Anasema siku zote ubao kwake una ukungu. Nimemwambia asihangaike kutazama. Asikilize wenzake tu, akariri.